Kujisema kwa Ukurasa Mmoja

Mwenye steshenari jirani na mpaka wa Tunduma humtambua mwombaji kazi kabla hajasalimia: kashika bahasha ya kaki yenye vyeti, na simu imefunguliwa kwenye tangazo. Anataka kuchapiwa barua. Mara nyingi barua ipo tayari kwenye kompyuta, ya mtu aliyetangulia. Linabadilishwa jina, anwani na tarehe. “Rejea kichwa cha habari hapo juu” inabaki, na “mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa” inabaki pia. Karatasi inatoka ikiwa na joto la mashine. Haina kosa la tahajia, wala haina mtu ndani yake.

Sina ugomvi na anwani, S.L.P. na YAH kwa herufi kubwa. Huo ni ustaarabu wetu wa kiofisi, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma bado huagiza barua iliyosainiwa na kuelekezwa kwa Katibu, ingawa maombi yenyewe siku hizi hutumwa kwa mtandao. Ufundi ninaousifu uko katikati, katika ile aya ambayo mwombaji anatakiwa aseme yeye ni nani.

Kwetu ugumu wake unaanzia malezini. Mtoto wa Mbozi au Ileje hufundishwa asijisifu, asubiri kusifiwa na wengine. Hata posa hupelekwa na mshenga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Halafu siku moja ofisi inamtaka ajiseme mwenyewe, kwa maandishi, kwa mtu asiyemjua. Naona ndiyo sababu anakimbilia maneno ya kuazima. Kwa kuwa si yake, haoni haya kuyatumia. Lakini Shaaban Robert, aliyeingia ukarani wa forodha mwaka 1926, hakuishia kuandika wasifu wa Siti binti Saad. Aliandika na Maisha Yangu, na hakuna anayemwita mjivuni.

Mwandishi hodari huziacha sifa akasimulia kazi. Tuseme kijana amejishikiza kwa wakala wa forodha hapa Tunduma. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, ukaguzi wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja, upande ule gari linakoingia. Hata hivyo malori ya shaba yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam, na ya mafuta yanayopanda Zambia na Kongo, hayajaacha kupanga foleni, na hati moja yenye kasoro yaweza kumlaza dereva njiani. Kijana huyu akiandika kwamba yu makini, hajasema kitu. Aandike kwamba alikuwa akilinganisha namba ya lakiri iliyo kwenye kontena na ile ya kwenye hati kabla dereva hajasogea dirishani, na kwamba siku tarakimu zilipopishana alimpigia mwenye mzigo kwanza, lori likiwa bado kwenye foleni. Hapo msomaji anamwona akiwa kazini, na adabu ya nyumbani haijavunjwa, maana kilichosemwa ni kilichotendeka tu.

Kuchagua ndiko kunakochosha. Kazi ikiwa ya ghala la kahawa huko Mbozi, habari za lakiri zipungue, zije zile siku alizoshika daftari la mizani kwenye chama cha msingi, mkulima kamkazia macho asipunjwe hata kilo. Kinyamwanga, kinachosemwa pande zote mbili za mpaka, wengi hukiacha kwa sababu hakina cheti. Kwa kazi ya kuhudumia watu dirishani ningekitaja mapema, kabla ya kozi fupi ya kompyuta ambayo kila mtu anayo. Na ule mstari wa “niko tayari kufanya kazi mahali popote” ubaki kwa yule tu ambaye kweli yuko tayari. Wapo waliopangiwa mbali wakaanza kuomba uhamisho kabla ya mshahara wa kwanza.

Barua ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya mtu aliyefanya kazi na mwombaji. Mama asitumike, atakubali kila kitu. Mwenzake wa kazini akiguna mahali, sentensi hiyo ifutwe, hata kama ndiyo tamu kuliko zote.