Akiba ya Maji Chini ya Mabua

Magharibi mwa Kansas na Nebraska, nchini Marekani, mkulima wa mahindi mwenye maji machache huanza msimu ujao siku ile ile anayovuna. Mashine ya kuvunia ikipita, jicho lake liko nyuma, kwenye makapi. Yakirundikana mstari mmoja, mashine ya kupandia itakwama hapo mwakani. Yakitawanyika sawasawa, tayari ni matandazo. Mabua huyaacha wima, yakate upepo na kunasa theluji, ambayo ikiyeyuka hunywewa na ardhi bila pampu kuwashwa.

Pampu hizo huvuta maji ya Ogallala, akiba iliyotandaa chini ya majimbo 8, na sehemu nyingi huchotwa upesi kuliko mvua inavyoijaza. Kwa hiyo mkulima hulima kwa kujizuia. Kila anapoupindua udongo, unyevu wa chini huanikwa juani. Akiufunika, hupunguza maji yanayopotea hewani kabla mizizi haijayafikia, na matone ya mvua hayaupigi ukagandamana juu.

Lakini matandazo yana gharama: udongo uliofunikwa huchelewa kupata joto, na mbegu ya mahindi haipendi baridi. Dawa yake ni kutifua ukanda mwembamba tu, pale mstari wa mbegu utakapopita, na kuacha katikati ya mistari vile vile. Wakati wa kupanda, magurudumu yenye meno husukuma mabua kando, visahani viwili hupasua mfereji, mbegu hudondoka, kisha magurudumu ya nyuma huufunga. Hapo mkulima mzuri hushuka kwenye trekta, hupiga goti na kufukua kwa kisu. Mbegu iwe kama sentimita 5 chini, imebanwa na udongo mbichi. Akikuta bua limesukumizwa mferejini pamoja nayo, hurekebisha mashine kabla ya kusonga mbele.

Faida huonekana Julai, mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu, wakati ambao kiu huharibu mavuno kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya hapo, mkulima huchomeka fimbo ya chuma ardhini. Penye unyevu huzama, pakavu hugoma. Ikizama vizuri, huiacha pampu imezimwa siku chache zaidi, na maji yake machache huyaweka kwa ajili ya ndevu.