Kuisoma Damu ya Mifugo Ituri

Farasi ni mnyama adimu katika Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mojawapo ya sababu imo ndani ya damu: katika bonde la Semliki na kwenye kingo za msitu huishi mbung'o, nzi anyonyaye damu na kuambukiza tripanosoma, vimelea wembamba waogeleao katikati ya chembe za damu, na farasi aliyeambukizwa hukonda na kufa upesi kuliko ng'ombe. Hata hivyo elimu ya maradhi haya ina deni kwa farasi, kwani tripanosoma wa kwanza kujulikana kuwa chanzo cha ugonjwa alionwa na daktari wa mifugo Griffith Evans mwaka 1880, huko Punjab, katika damu ya farasi na ngamia waliougua maradhi yaitwayo surra. Lakini mji wa Bunia na vilima vya Djugu, Irumu na Mahagi ni nchi ya ng'ombe, na ni juu ya ng'ombe hao ndipo ufundi wa kuisoma damu umepata kazi yake.

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wafugaji wa huko, ndigana kali ndiyo inayostahili kutangulizwa. Huletwa na Theileria parva, kimelea wa seli moja anayebebwa na kupe wa kahawia apendaye kujishikiza masikioni. Robert Koch, mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani, aliwaona vimelea hawa alipokuwa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, akadhani ni wachanga wa kimelea mwingine, yule asababishaye ng'ombe kukojoa damu. Ilimlazimu Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Transvaal, kuwatenga na kuwapa jina lao mwaka 1904, wakati Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa koloni la Cape, alipokuwa akithibitisha hatia ya kupe. Kosa hilo la Koch lina mafunzo kuliko ushindi wake mwingi, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali na hadubini yake ilikuwa nzuri, na alichokiona kilikuwepo kweli. Kilichopotoka ni hukumu.

Ugumu wenyewe unatokana na maisha ya kimelea. Akishaingia mwilini kwa mate ya kupe, hujipenyeza kwanza katika chembe nyeupe za damu, akazilazimisha zigawanyike ovyo pamoja naye, na ndiyo maana tezi iliyo chini ya sikio huvimba kabla mnyama hajaacha kula. Baadaye sana, wengine katika uzao wake huhamia kwenye chembe nyekundu na kutulia humo, wakimsubiri kupe mwingine. Kwa hiyo tone la damu lililochukuliwa sikioni hueleza zaidi yaliyopita, na tezi ndiyo inayoeleza yanayotendeka sasa.

Daktari ajuaye kazi yake hulianza jambo kwenye tezi. Huikamata kwa kidole gumba na cha shahada ili isiponyoke, huichoma kwa sindano isiyo na bomba, huizungusha kidogo ndani ya nyama, kisha huichomoa na kupuliza kwa bomba ule ute mchache juu ya kipande cha kioo, akiutandaza kwa upole kwa sababu chembe hizi hupasuka zikisukumwa kwa nguvu. Kioo hupungwa hewani hadi kikauke, hutiwa methanoli dakika chache ili chembe zishikamane nacho, kisha hulazwa katika rangi ya Giemsa kwa takriban nusu saa. Pasipo umeme, kijioo kilicho chini ya hadubini huelekezwa kwenye mwanga wa dirishani. Chini ya lenzi ya mafuta, ikikuza mara 1,000, chembe nyeupe iliyoambukizwa huonekana na kiini chake kikubwa cha zambarau, na pembeni yake, ndani ya ute wa samawati, vijitone vingi vyekundu vilivyosongamana kama mbegu za ulezi. Vimelea hao ndio walioitwa miili ya Koch, na kuwaona ndani ya tezi iliyovimba ya mnyama mwenye homa ya nyuzi 40 au zaidi kunatosha kuushika mkono wa daktari na kuupeleka kwenye dawa.

Kwenye chembe nyekundu mambo huwa na utata zaidi, na hapo ndipo ufundi huu unapostahili sifa zake. Ng'ombe wengi wa kienyeji waliokulia penye kupe hubeba vimelea wachache maisha yao yote bila kuugua, na Theileria mutans, ambaye kwa kawaida hana madhara makubwa, hufanana mno na ndugu yake muuaji. Msomaji mchanga hufurahi akiona kitone, hutangaza ugonjwa, naye mnyama hufa kwa nimonia ambayo hakuna aliyeitafuta. Aliyekomaa huuliza maswali mengine: je, ufizi ni mweupe? Mkojo una rangi gani? Mnyama alizaliwa hapa, au aliletwa juzi kutoka malisho ya juu yasiyo na kupe? Swali hilo la mwisho lina uzito Ituri, ambako vita vya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, vimewafukuza wafugaji na mifugo yao kutoka malisho yao ya asili, kwani ng'ombe asiyewahi kuumwa na kupe wa mahali fulani hufika hapo bila kinga yoyote.

Tripanosoma husomwa kwa namna tofauti, tena inayopendeza zaidi, kwa maana huyu husomwa akiwa hai. Tone la damu mbichi huwekwa chini ya kioo chembamba bila rangi yoyote, na kwa mwendo wake kimelea huitaja aina yake: vivax hukata uwanja wa lenzi kwa kasi na kutoweka, brucei hujinyonganyonga mahali pamoja, na congolense, aliyeelezwa mara ya kwanza na Alphonse Broden mwaka 1904 kutokana na wanyama wa Kongo, hutambaa taratibu akizigandia chembe nyekundu na kuzitikisa. Asipoonekana, haimaanishi kwamba hayupo, kwa kuwa idadi yake hupanda na kushuka. Damu huzungushwa basi katika mrija mwembamba ndani ya mashine hadi chembe zijitenge, na vimelea hutafutwa kwenye utando mweupe ulio juu ya zile nyekundu, huku urefu wa safu nyekundu ukionyesha ni damu kiasi gani imekwisha kupotea.

Tiba hufuata usomaji. Buparvakwoni huponya ndigana kali ikitolewa mapema, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mnyama, ila maji yakishajaa mapafuni na povu kutoka puani huwa imechelewa. Diminazini ni ya tripanosoma na ya ugonjwa wa kukojoa damu. Oksitetrasaiklini ni ya ndigana baridi, ambayo husababishwa na bakteria anayeonekana kama nukta nyeusi kwenye ukingo wa chembe nyekundu. Diminazini huuzwa hata sokoni, na mfugaji aliyeikadiria kwa jicho, akampa fahali nusu ya kipimo, huwaacha hai wale vimelea wanaoivumilia. Utepe wa kupimia kifua, unaokadiria uzito wa mnyama, ni kifaa duni kwa kutazama, lakini nafasi yake katika tiba haiko mbali sana na ile ya hadubini.

Siku mbili au tatu baada ya sindano, homa ikishuka na mnyama akirudia kucheua, daktari mwangalifu huichoma tezi tena na kuona vile vijitone vikiwa vimesinyaa na kupoteza umbo. Mwenye ng'ombe atauliza kama amepona, na jibu la kweli ni refu kuliko apendavyo: homa imekwisha na maziwa yatarudi, lakini vimelea wachache huenda wakabaki katika chembe nyekundu kwa miezi au miaka, wakiweza kuchukuliwa na kupe na kupelekwa kwa ndama wa jirani, na kwa hiyo masikio ya ng'ombe huyu aliyepona yanahitaji kukaguliwa na kuogeshwa dawa sawa na ya wengine wote zizini.