Wanawake Kumi na Wanne

Mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana kuhusu The Wire alikuwa mwongozaji wa watalii huko Engaresero, na alikuwa ameangalia sehemu mbili tu.

Ilikuwa jioni, kambini, upepo wa Ziwa Natron ukitumwagia vumbi kwenye chai. Nilishaambiwa kwamba usiku huko hakuna cha kufanya zaidi ya kuangalia nyota, kwa hiyo nilibeba msimu wa pili kwenye kompyuta. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka limempanda mpaka masikioni, nami nikawa namtafsiria. Nilitafsiri vibaya. Wale jamaa wa vibanda umiza, wanaokata sauti ya filamu na kuweka ya kwao mpaka Mchina anaongea kama mtu wa Manzese, wana kipaji ambacho sina.

Kama hujaiona, mambo yanaanza hivi. Jimmy McNulty, mpelelezi wa mauaji katika jiji la Baltimore, ameadhibiwa kwa kuhamishiwa kwenye boti ya doria. Siku moja anaopoa maiti ya msichana majini. Muda si mrefu, askari wa bandari anayeitwa Beadie Russell anafungua kontena na kukuta maiti nyingine 13, zote za wanawake. Walikuwa wanasafirishwa kwa magendo. Bomba lililokuwa likiwaletea hewa limebondwa. Jumla yao ni 14. Kinachofuata ndicho kilichonifanya niipende tamthilia hii tangu mwanzo: hakuna anayewataka. Wakubwa wa polisi wanasukumiana maiti kama watoto wanaosukumiana zamu ya kuosha vyombo, kwa sababu kesi 14 zisizo na mshitakiwa zitaharibu takwimu za mwaka. McNulty, kwa kisasi tu, anachukua jedwali la mawimbi na kuthibitisha kwamba vifo ni vya jiji, si vya jirani. Anawabebesha mabosi wake mzigo, na anacheka.

Kila mtu niliyemwonyesha vipande hivyo huniuliza, "Nani kawaua?" Kijana wa Engaresero aliangalia kioo kwa muda, halafu akasema, "Kaka, hawa kwao wapi? Ndugu zao wameambiwa?"

Sikuwa na jibu. Na tamthilia yenyewe, nikikumbuka vizuri misimu yake mitano na sehemu 60, haikuwa nalo.

Nimeshabishana sana kuhusu tamthilia za uhalifu, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye daladala. Ubishi wetu huwa na kipimo kimoja: ulimjua muuaji au hukumjua? Ukimjua mapema, tamthilia mbovu. Usipomjua mpaka dakika ya mwisho, mwandishi ni fundi. Ndiyo maana anayesimulia mwisho kabla wenzake hawajaona anaweza kutolewa kwenye grupu. Kipimo hicho tumelelewa nacho. Fasihi yetu ya upelelezi ilianza na mafumbo: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960, na Bwana Msa na kiko chake akawa Sherlock Holmes wetu. Akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, halafu Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Televisheni ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, ilikuta msomaji aliyekwisha kuzoea kutega kitendawili na kusubiri ateguliwe.

Sina ugomvi na kitendawili. Tatizo langu ni kwamba kitendawili kikishateguliwa hakina kazi tena. Nani anarudia kuangalia fumbo analolijua? Lakini Columbo, iliyoanza kurushwa kama mfululizo mwaka 1971, inakuonyesha muuaji akiua mwanzoni kabisa. Umeshamwona. Kinachobaki ni Peter Falk na koti lake lililokunjamana, akirudi mlangoni kwa swali moja dogo la mwisho. Watu wameiangalia kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo siri ya muuaji si ndiyo inayotushika. Ni nini basi?

Asubuhi tulikwenda kwenye nyayo.

Kwa msomaji ambaye hajafika: Engaresero iko chini ya Oldoinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro. Pale kuna jivu la volkano lililowahi kuwa tope, kisha likakauka na kuwa gumu kama sakafu, na juu yake zipo nyayo za binadamu zaidi ya 400. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Wenyeji ndio walioziona kwanza. Wanasayansi walikuja baadaye. Ni za jana tu ukilinganisha na zile za Laetoli, katika wilaya hiyohiyo, zenye miaka zaidi ya milioni tatu na nusu. Lakini hizi ni nyingi, na vidole vinaonekana kabisa. Unaona mahali kisigino kilipoteleza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Scientific Reports ulichukua misururu 17 ya nyayo inayoelekea upande mmoja, kusini magharibi, kwa mwendo wa kutembea. Kwa kupima urefu wa unyayo na umbali kati ya hatua na hatua, watafiti walikadiria kwamba hao walikuwa watu wazima wanawake 14, wanaume wawili, na kijana mmoja wa kiume. Wakalinganisha na jamii za leo, wakiwemo Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambako wanawake hutoka kwa kundi kutafuta chakula, na mwanamume mmoja mmoja huwasindikiza.

Nilikuwa nimeshalisoma hilo nyumbani, lakini namba ilinipiga nikiwa nimesimama pale. 14. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeangalia wanawake 14 wakitolewa kwenye kontena. Ni sadfa tu, sitaki kuigeuza kuwa kitu kingine. Ila ilinifanya nitazame namna mwongozaji wangu alivyotazama. Hakuuliza ni nani. Angeulizaje? Alichuchumaa akaonyesha kwa fimbo: huyu alikuwa anatembea kawaida, hana haraka. Hawa wawili walikuwa karibu, labda wakiongea. Zipo pia nyayo za watu sita zinazokwenda upande wa pili, mwendo tofauti tofauti, mwingine kama aliyekimbia. "Hao hawakuwa pamoja," alisema. Ndivyo anavyomsoma ndama aliyepotea: kwanza alikuwa na nani, alikuwa na kiu au ameshiba, alikimbizwa au alitangatanga. Jina la mwizi, kama yupo, huja baadaye na mara nyingine haliji.

Nilifikiri hapo nimeipata. Tamthilia kubwa ya uhalifu ni ile ambayo alama zake zinakushughulisha hata kama hutamjua aliyeziacha, au umeshamjua na bado unazitazama. Maiti inakuwa mlango wa kuingilia mahali, na mkishaingia hamruhusiwi kutoka haraka.

Niliamini hivyo kabla ya kwenda Engaresero, lakini sababu yangu ni ya nyumbani. Binamu yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Alichukuliwa na abiria usiku, akakutwa asubuhi, pikipiki haipo. Kwa wiki kadhaa sote tulikuwa wapelelezi. Tulijua simu yake ilizimwa saa ngapi, tulijua kituo alichopakia, tulikuwa na majina matatu. Hakuna jina lililothibitishwa, na faili liko mahali fulani mpaka leo. Lakini ukiniuliza ninachokumbuka, si yale majina. Nakumbuka kwamba pikipiki ilikuwa ya mkataba, na siku ya tatu baada ya mazishi mwenye pikipiki alikuja msibani. Alikaa kwenye mkeka, akala ubwabwa, akatoa pole yenye machozi ya kweli, kisha akamwita shangazi pembeni kuulizia fedha zilizobaki. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mkopo. Ubishi wa nani alipe uliwagawa ndugu kwa miaka miwili, kuliko kifo chenyewe kilivyowagawa.

Sijawahi kuona tamthilia ikionyesha huyo mtu kwenye mkeka. The Wire ingemwonyesha. Ingemfuata mpaka kwa aliyemkopesha, na kutoka huko mpaka kwenye ofisi yenye kiyoyozi. David Simon alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi kabla ya kuwa mwalimu, inaonekana. Walijua kwamba mauaji yana muuaji mmoja lakini yana wadai wengi.

Kwa kipimo hicho naitazama Crime and Justice, tamthilia ya Nairobi iliyotoka Showmax mwaka 2021, Sarah Hassan akiwa mpelelezi Makena na Alfred Munyua akiwa Silas. Nilitaka kuipenda zaidi ya nilivyoipenda. Ina mambo mazuri: jiji linaonekana jiji, watu wanahama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili jinsi tunavyohama kweli, na kesi zake zinafanana na habari tulizozisoma zikatunyima usingizi. Hassan ana uso unaoweza kunyamaza, kitu adimu kwenye televisheni yetu. Lakini kila sehemu ina kesi yake, na kesi lazima ifungwe. Anakufa mtu, tunalia kidogo, pingu zinalia, wiki ijayo maiti nyingine. Waliofiwa wanabaki nyuma kama abiria walioachwa na basi. Najua bajeti ni ndogo na muda ni mfupi. Hata hivyo, ningepunguza kesi nusu na kukaa na mama mmoja mpaka baada ya arobaini.

Broadchurch ya Uingereza ilithubutu. Nitakuharibia, samahani. Mwaka 2013, katika mji mdogo wa pwani, mtoto wa miaka 11 anakutwa ameuawa ufukweni, na sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza inaonyesha kwamba muuaji ni mume wa mpelelezi Ellie Miller mwenyewe. Wengi walitamani iishie hapo. Msimu wa pili ulilaumiwa sana, na baadhi ya mambo ya mahakamani kweli hayamezeki. Lakini mimi nautetea. Muuaji aliyekiri anakana mashitaka, baraza la mahakama linamwachia huru, na watu wa mji wanabaki naye. Ukweli wanao, hukumu hawana. Wafanye nini? Wanakutana naye kibandani na kumfukuza mji. Olivia Colman, pale, anaonyesha sura ya mtu ambaye kesi yake haitafungwa hata wakifunga mafaili yote ya Uingereza.

Usiku wa pili nilimsimulia mwongozaji wangu mwisho huo. Hakushangaa hata kidogo. Kwa mila ya Kimaasai, aliniambia, damu ya mwanamume hulipwa ng'ombe 49, na hatoi muuaji peke yake. Ukoo mzima unachangia, kila mtu anatoa wake zizini. Nilikuwa nimewahi kulisikia hilo kama jambo la makumbusho. Yeye alilisema kama mtu anayekumbuka ng'ombe aliyetoka. Nikamuuliza kama si dhuluma, kumtoza mtu ambaye hakuua. Alifikiri. Akasema ni dhuluma, ndiyo, lakini hapo hakuna wa kusema hayamhusu.

Tulirudi kwa wanawake wa kontena. McNulty, ambaye mwanzoni alikuwa anacheka, ameanza kumtafuta msichana aliyemwopoa majini. Hatafuti muuaji wake, anatafuta jina. Anataka kumrudisha kwao. Hakuna aliyemwagiza, haitasaidia kesi, na kwa mlevi kama yeye ni jambo la ajabu. Kwangu ndipo msimu ule unapokuwa mkubwa, na ni dakika chache tu ndani ya saa nyingi za makontena, vyama vya wafanyakazi na dawa za kulevya.

Chaji iliisha kabla hatujamaliza. Asubuhi, nikiwa napakia mizigo, kijana akaleta flashi akaniomba nimwekee sehemu zote zilizobaki. Dukani kuna sola, na ana rafiki mwenye kompyuta. Nikaona nimwambie mapema asije akanilaumu: jina la yule msichana halipatikani.

"Nilijua," alisema. "Nataka kuona atalitafuta mpaka wapi."