Vioo viwili ndani ya mrija mmoja

Kati ya darubini za lenzi zinazopendwa na wanaoanza, mbili zina kioo cha mbele cha kipenyo kile kile, milimita 70. Celestron Travel Scope 70 ina urefu wa fokasi wa milimita 400, na AstroMaster 70AZ ya kampuni hiyo hiyo ina milimita 900. Mwanga zinaoukusanya ni sawa. Kinachozitenganisha ni nafasi ambayo mwanga huo umepewa kabla ya kufika jichoni, na mtu anayetazama nyota uani kwake Dutwa, mkoani Simiyu, ataitambua tofauti usiku wa kwanza tu.

Kwanza kioo chenyewe, maana ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Toa kifuniko mchana, kaa kivulini, ukiinamie. Utadhani ni kipande kimoja chenye mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, ambao ni utando uliopakwa ili mwanga upite badala ya kurudi. Kumbe ni vipande viwili vya aina mbili za kioo: cha mbele kimebinuka, cha nyuma kimebonyea. Kwenye lenzi nyingi za namna hii, ukichungulia ukingoni utaona vijikaratasi vitatu vya metali vilivyopachikwa kati yao, kwa nafasi sawa, ili vipande hivyo vikaribiane bila kugusana. Nafasi hiyo nyembamba ni sehemu ya hesabu ya fundi.

Lenzi moja peke yake huvunja mwanga: bluu hukutana karibu, nyekundu hukutana mbali, na nyota huvaa ukingo wa rangi. Newton aliamini kasoro hiyo haina dawa, akaamua kutumia kioo cha kuakisi mwaka 1668. Dawa aliipata Mwingereza Chester Moore Hall, ambaye alikuwa mwanasheria, katika miaka ya 1730. Inasimuliwa kwamba, ili siri isivuje, kipande kimoja alikiagiza kwenye karakana moja na cha pili kwenye karakana nyingine. Karakana zote mbili zikampa kazi fundi yule yule, George Bass, naye akagundua kuwa vipande hivyo vimekusudiwa kukaa pamoja. John Dollond ndiye aliyekuja kupata hataza mwaka 1758. Karibu kila darubini ndogo ya lenzi inayouzwa leo kwa ajili ya uani imerithi kazi ya mikono hiyo.

Lakini vipande viwili hupunguza rangi, haviimalizi. Kadiri mrija unavyokuwa mfupi kwa kipenyo kile kile, ndivyo mwanga unavyolazimika kupinda kwa ukali, na rangi iliyobaki hujitokeza. Elekeza darubini fupi kwa Mshtarii na utaona utepe wa zambarau ukiizunguka sayari. Kwenye ndefu utepe huo karibu unatoweka, na mistari miwili ya mawingu ya Mshtarii husimama wazi. Ndefu, kwa lenzi za jicho zinazokuja nayo, za milimita 20 na 10, hukuza mara 45 na 90. Fupi, kwa vipimo hivyo hivyo, mara 20 na 40. Miezi minne aliyoiona Galileo Januari 1610 huonekana kwa zote mbili. Pete za Zohali ndizo zinazoidai ndefu.

Fupi ina eneo lake, na ni pana. Mwezi Novemba, wakulima wa pamba wa Simiyu wanapoingia msimu wa kupanda, kundi la nyota la Kilimia huchomoza mashariki jua linapozama. Mara 20 hukuletea kundi zima, pamoja na nyota ndogo ambazo macho matupu hayazioni. Ndefu hulikata pembeni.

Dutwa iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na hapo ndipo ununuzi wa stendi unapohitaji akili. Stendi za kiikweta zinazosifiwa kwingine zina mhimili wa kuelekezwa kwenye ncha ya anga. Huku ncha hiyo iko karibu kabisa na upeo wa macho, kwa hiyo mhimili hulala, na mara nyingi uzito wa kusawazisha hugonga miguu. Stendi ya kupandisha na kuzungusha tu, kama ya darubini hizi mbili, inatosha. Sayari nazo hupita juu sana utosini, jambo ambalo ni neema, kwa kuwa mwanga wake hupita kwenye hewa kidogo. Ila mrija mrefu ukisimama wima, mwisho wake wa chini hukaribia miguu ya stendi, na mtazamaji hujikuta amepiga magoti. Kigoda kifupi kinasaidia. Kiroba cha mchanga kikining'inizwa katikati ya miguu kinatuliza mtikisiko.

Mimi ningechukua ndefu. Kisha ningeijaribu kwa nyota angavu: mara 90, zungusha kitufe cha fokasi kidogo mpaka nyota ifunguke kuwa pete, urudi, uvuke upande wa pili. Pete zikikaa duara, zenye kitovu kimoja pande zote mbili, vipande viwili vya kioo vimekaa mahali pake. Zikiegemea upande mmoja, omba nyingine kabla siku za dhamana hazijaisha.