Kukausha Nyuzi za Selulosi Bila Kuzigeuza Pembe

Selulosi iliyopasuliwa hadi nyuzi zenye unene wa nanomita chache au makumi kadhaa hutoka mashinini ikiwa uji. Kilo 2 za nyuzi ndani ya kilo 98 za maji tayari ni jeli nzito. Mtengenezaji wa vidonge anahitaji unga mkavu, unaopimika na usioota ukungu ghalani, kwa hiyo maji hayo yote lazima yaondoke. Namna yanavyoondoka ndiyo huamua kama nyuzi zitabaki nyuzi.

Maji yanapopungua, mvutano wa uso wake huzivuta nyuzi zikaribiane. Zikigusana, bondi za haidrojeni huzifunga, na kuzilowesha upya hakuzifungui zote. Mkemia Mjerumani Jayme aliieleza hali hii mwaka 1944 akaiita kugeuka pembe. Jina linafaa kabisa: kinachobandukwa kwenye sinia ya joko ni kigaga kigumu kama ukucha.

Mkonge unaopandwa mipakani mwa mashamba ya Ukambani, Kithimani ikiwamo, unaonyesha hatari hiyo inapoanzia. Jani hukwanguliwa, singa zikaoshwa na kuanikwa juani, na jua hilo halidhuru sana. Ndani ya singa mbichi, lignini na hemiselulosi zimekaa katikati ya nyuzi za selulosi na kuzitenga. Singa zikishapikwa kwa soda kali kuwa rojo na kupaushwa ili kufikia usafi wa dawa, kinga hiyo hupungua sana. Watafiti wa Japani Iwamoto, Abe na Yano walionyesha mwaka 2008 kwamba rojo la mbao lililobaki na hemiselulosi nyingi hupasuka vizuri hata baada ya kukaushwa. Singa basi zianikwe bila hofu. Rojo lililopaushwa libaki na unyevu mpaka lipasuliwe.

Joko ndiyo njia rahisi kuliko zote, nayo haifai kwa unga. Inafaa pale utando wenyewe unapotakiwa: tabaka jembamba la nyuzi zilizoshikamana na kufungia dawa ndani, ikatoka polepole.

Kukausha kwa kunyunyizia hupuliza uji kama manyunyu ndani ya hewa moto, na kila tone hukauka kwa muda mfupi sana. Nyuzi hujikunja kuwa punje. Ruzica Kolakovic na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki walizijaribu punje hizo mwaka 2011 dhidi ya selulosi ya fuwele ndogondogo, unga uliozoeleka katika vidonge. Kwa parasetamoli, vidonge vilishindiliwa vizuri, na vile vya kushindilia moja kwa moja viliachia dawa haraka kidogo zaidi. Haya ni mafanikio ya kweli, ila punje si nyuzi tena: eneo kubwa la uso, lililogharimu nguvu nyingi kulipata, limefichika ndani yake.

Kugandisha na kukausha hulilinda eneo hilo zaidi. Barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji, chini ya paskali 611, hivyo mvutano wa uso haupati nafasi. Kasoro iko kwenye kuganda: fuwele za barafu zikikua taratibu huzisukuma nyuzi pembeni na kuzibana kuwa karatasi. Nitrojeni kimiminika, yenye nyuzi -196 za Selsiasi, hupunguza tatizo hilo, na sukari kama trehalosi huzitenganisha nyuzi ili jeli irudi inapoongezwa maji. Kwa dawa, njia hii ndiyo yenye sababu nzuri zaidi, kwa kuwa viwanda vya chanjo vinaijua tayari.

Njia ya kabonidioksidi, baada ya maji kubadilishwa kwa ethanoli, hutumia gesi iliyobanwa kupita megapaskali 7.4 na joto la nyuzi 31, hali ambayo si kimiminika wala gesi. Huhifadhi matundu kati ya nyuzi kuliko zote, kwa gharama inayoifungia maabarani.

Gharama ya nishati haiepukiki. Uji wa asilimia 2 una kilo 49 za maji kwa kila kilo ya unga, na kuyavukiza tu hula uniti zaidi ya 30 za umeme. Kuukamua hadi asilimia 20 huacha kilo 4 za maji, lakini uji huo haupiti tena kwenye pua ya mashine ya kunyunyizia, na nyuzi zimeshaanza kusogeleana kabla ya joto kuwashwa.