Kilomita 100 za mabomba chini ya mizabibu ya Yquem

Mazungumzo kuhusu Château d'Yquem, shamba la mizabibu la Sauternes, kusini mwa Bordeaux, huanza na makabaila. Jacques Sauvage alipata haki ya kulishika mwaka 1593. Binti wa ukoo wake akaolewa na mmoja wa akina Lur-Saluces mwaka 1785. Thomas Jefferson aliagiza chupa 250 za mavuno ya 1784, na mwaka 1855, madalali wa Bordeaux walipopanga madaraja, Yquem ikapewa daraja la peke yake juu ya mvinyo mtamu wote. Ni kweli tupu, ila nasaba haikamui zabibu. Mimi naanzia kwenye mabomba.

Shamba liko kilimani. Juu kuna changarawe na mchanga, vinavyoshika joto la jua, na chini yake umelala mfinyanzi. Udongo huo huihifadhia mizizi maji wakati wa kiangazi, lakini mvua zikizidi maji hayana pa kwenda, na zabibu huvimba kwa maji tu. Kwa hiyo tangu karne ya 19 ilichimbwa mitaro na kuzikwa mabomba ya kuondoa maji, yanayokadiriwa kufika kilomita 100. Mizabibu yenyewe iko kwenye takriban hekta 100, yaani kilomita moja ya bomba kwa kila hekta. Hakuna mgeni anayepiga picha mabomba hayo, lakini ndiyo yanayoeleza kazi nzima, kwa sababu hapa kila hatua ni ya kupunguza maji.

Mpunguzaji mkuu ni kuvu, Botrytis cinerea, ambaye kwingine ni adui wa mkulima. Vuli inapofika, mto mdogo wa Ciron wenye maji baridi huingia Garonne yenye maji ya vuguvugu zaidi, na alfajiri ukungu hufunika vilima. Unyevu huo humwamsha kuvu. Kufika mchana jua na upepo hukausha mashada, na hapo ndipo penye siri: unyevu ukidumu kutwa, zabibu huoza kabisa na kunuka. Zikikauka kwa wakati, kuvu hubaki ametoboa ganda matundu madogo mno, maji yakavukizwa, tunda likasinyaa na kuwa kama zabibu kavu, sukari na uchachu vikiwa vimekolea ndani. Semillon, mbegu inayotawala shambani humo, ina ganda jembamba linalomrahisishia kazi. Sauvignon huongezwa kwa ajili ya harufu na uchangamfu.

Taabu ni kwamba kuvu hana ratiba. Katika shada moja utakuta punje iliyosinyaa sawasawa, nyingine ndiyo kwanza inageuka rangi, na ya tatu imeharibika. Wachumaji hupita mizabibu ileile mara tano au sita, hata zaidi, wakikata zilizo tayari tu, na mvua ikinyesha husubiri zikauke tena. Shabaha ni mchuzi wenye sukari ya kuweza kutoa kileo cha asilimia 20 hivi.

Kwenye mashine ya kukamua mambo hugeuka. Watengenezaji wengi wa mvinyo huthamini mchuzi wa kwanza na kuushuku wa mwisho. Zabibu zilizosinyaa huachia kwanza mchuzi mwepesi, na kadiri zinavyobanwa tena hutoa kidogo lakini kitamu zaidi. Kisha mchuzi huchachukia ndani ya mapipa mapya ya mwaloni. Hesabu yake si ngumu: gramu 17 hivi za sukari katika lita huzaa asilimia moja ya kileo. Tuseme mchuzi una gramu 360. Chachu hulemewa na kileo pamoja na sukari karibu na asilimia 13.5, ikiwa imekula gramu 230. Zinazobaki, 130, ndizo utamu unaousikia ulimini, na hakuna aliyetia sukari ya dukani.

Gharama ya kuyakimbia maji ni kukosa ujazo. Sheria ya Sauternes inaruhusu lita 2,500 kwa hekta. Yquem hupata wastani wa 900 hivi, glasi moja kwa kila mzabibu. Kuna miaka ambayo hata glasi hiyo haipatikani. Mwaka 1972, 1974 na 1992 hakuna chupa iliyotoka kwa jina la shamba. Kampuni ya LVMH ilipoishika Yquem mwishoni mwa miaka ya 1990, wapo waliohofu kwamba wahasibu wangefuta desturi hiyo. Jibu lilikuja mwaka 2012: zabibu zilichumwa, mvinyo ukaonjwa, na uongozi ukatangaza kwamba hakutakuwa na Yquem ya mwaka huo.