Sifa za Mlinzi wa Mng'ao

Oktoba 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court jijini London, kampuni ya Jaguar ilizindua gari lake jipya, XK120. Ukifungua boneti ulikutana na injini ya silinda sita, lita 3.4, na juu yake makava mawili marefu ya alumini, kila moja limefunika kamshafti yake, yamesuguliwa hadi yakang'aa. Wahandisi wake, akina William Heynes na Walter Hassan, waliijadili injini hiyo wakati wa vita, usiku wakiwa zamu kiwandani Coventry kulinda majengo yasiteketee kwa mabomu. Mwenye kampuni, William Lyons, alishikilia kwamba zaidi ya kuwa na nguvu, injini hiyo ipendeze machoni. Mng'ao wa makava yale haukuongeza mwendo wa gari hata kidogo. Uliwekwa kwa heshima ya kazi iliyofanyika chini yake, na mimi nasema ulistahili.

Kiwanda hung'arisha mara moja tu. Anayebaki na kitu hicho miaka sabini baadaye ni fundi na mwenye gari, nao ndio wanaopambana na joto, oili, vumbi, maji na mikono ya watu. Kung'arisha ni kazi ya siku chache; kuulinda mng'ao hakuna siku ya kumaliza. Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka kuisifia, kwa sababu wengi huidhani ni kusugua kwa bidii, kumbe ustadi wake mkubwa ni kujua lini usisugue.

Ukiikwangua alumini ikabaki tupu, hewa huifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache. Utando huo ndio unaoizuia isiliwe na kutu kama chuma. Lakini una mipaka. Hutulia pale kipimo cha pH kinapokuwa kati ya 4 na 8.5 hivi. Vuka mpaka upande wa asidi, kama maji ya betri yaliyomwagika, au upande wa pili, kwenye kostiki soda iliyomo katika baadhi ya sabuni kali za kuondolea grisi, na utando utayeyuka, metali iliyo chini ianze kulika. Dakika chache zinatosha kuufanya uso uliogharimu siku kadhaa za msasa ufifie na kuwa wa kijivu.

Chumvi nayo ina hila yake. Haishambulii uso mzima. Hutafuta mahali pamoja palipo dhaifu, ikachimba kitundu, na ndani ya kitundu hicho ulaji ukaendelea huku nje kukionekana hakuna neno. Ndiyo maana injini ya gari linalolala Nyali au Kigamboni, upepo wa bahari ukiingia kila usiku, huzeeka vingine kabisa na ya gari linalolala Nakuru. Na pale bolti ya chuma au kiungo cha shaba kinapogusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Fundi anayeijua kazi utamtambua hapo: hairudishi bolti kavu. Huipaka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, akaweka washa safi chini ya kichwa, ili ule unga mweupe usije ukachomoza pembezoni mwa tundu baada ya masika.

Watu wa kwetu waliijua alumini jikoni kabla ya kuijua chini ya boneti. Sufuria ni alumini, na sufuria za mafundi wa jua kali mara nyingi zimetokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, pistoni na vipande vya injini vikiwemo. Aliyewahi kusugua sufuria kwa majivu na mchanga anajua jinsi inavyotakata. Anajua pia kwamba kesho itafifia na atasugua tena. Kwa sufuria si hasara, maana ina unene wa kutosha na hakuna anayetaka iwe kioo. Ukiipeleka tabia hiyo kwenye kava la injini, umelimaliza.

Tazama kitambaa cha anayesugua alumini kwa polishi. Mara tu anapoanza, kitambaa kinageuka cheusi tititi. Atabadilisha upande, nao utageuka. Atachukua kingine, hali ile ile. Wapo wanaosugua wakisubiri weusi uishe, wakidhani ni uchafu unaotoka. Hautaisha, kwa sababu ni alumini yenyewe inayotoka, chembe ndogo mno zilizochanganyika na oksaidi na polishi. Kila ukisugua, umepunguza. Angalia kava la zamani ambalo mwenyewe alilipenda kupita kiasi: herufi za jina la kampuni zilizoinuka juu ya metali zimepoteza kingo zake, pembe zilizokuwa kali zimelainika, na kuzunguka matundu ya bolti pamebonyea. Linang'aa kweli, lakini umbo alilolichora mhandisi limekwisha kwenye vitambaa. Kwa hiyo mlinzi mzuri wa mng'ao ni yule anayepanga mambo yake ili asilazimike kung'arisha tena kwa muda mrefu.

Mpango huo huanzia kwenye kung'arisha kwenyewe. Kava linalotoka kwenye kalibu ya mchanga lina ngozi yenye chembechembe na vitundu, na vitundu vikiachwa huwa makao ya unyevu. Fundi huanza na tupa au msasa mkali, namba 180, aondoe ngozi hiyo, kisha 320, 600, 800 hadi 1200, akilowesha msasa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa usizibe. Kila anapobadilisha namba hubadilisha na mwelekeo. Akipiga wa kwanza kwa urefu, wa pili anapiga kwa upana, ili mikwaruzo ya msasa uliopita ionekane imekatiza na asiache hata mmoja. Anayeruka namba kwa haraka atakuja kuuona mkwaruzo wa 320 ukimtazama chini ya mng'ao, na hapo hana njia ila kurudi nyuma.

Baada ya msasa linakuja gurudumu, na hapa nina jambo la kujivunia. Gurudumu la kwanza, lile la kukata kabla ya lile laini la pamba, mara nyingi hushonwa kwa mkonge. Nyuzi za mkonge ni ngumu na hushika polishi ya kukatia vizuri kuliko kitambaa kitupu. Mmea huo Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Kutoka kwayo yakaenea mashamba ya Tanga na kwingineko. Wengi wanaujua mkonge kwa kamba na magunia. Wachache wanajua kwamba nyuzi zake huzunguka kwenye karakana za kung'arishia metali.

Mtazame fundi mbele ya gurudumu hilo. Kava amelishika kwa mikono miwili chini kidogo ya usawa wa kitovu cha gurudumu, ili likimponyoka litupwe chini na mbali naye. Ukingo haupeleki kamwe ukipingana na mzunguko. Huliacha gurudumu litoke nje ya ukingo, maana likiukamata kwa ndani litamnyang'anya kava na kulibamiza sakafuni. Miwani usoni, barakoa puani. Vumbi la alumini hushika moto na hata kulipuka likijaa hewani, tena likichanganyika na vumbi la kutu na kupata cheche huwaka kwa joto la kutisha, kwa hiyo mashine ya alumini haichanganywi na ya chuma. Akimaliza, analiosha kava kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali kuondoa mafuta ya polishi, kisha analikausha hadi ndani ya matundu ya bolti. Tone moja lililosahaulika humo litajidhihirisha baadaye.

Sasa ndipo swali la kinga linapokuja, na jibu jepesi kuliko yote ni laka: nyunyizia tabaka angavu, funga kazi, nenda nyumbani. Pikipiki za Honda za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na makava ya pembeni yaliyong'arishwa na kupakwa laka hivyo hivyo. Zitazame leo zile ambazo hazijaguswa. Chini ya laka iliyogeuka manjano kuna vijistari vyembamba vilivyopinda, vimetambaa kutoka kwenye mkwaruzo mmoja au ukingo wa bolti. Ni ulaji unaosafiri kati ya metali na laka, ukiendeshwa na unyevu, na kitambaa hakiufikii kwa kuwa laka yenyewe imeukinga. Shida iko kwenye asili ya jambo. Rangi yoyote hupenda uso wenye mikwaruzo ili ipate pa kushika, na uso uliong'arishwa umenyimwa mikwaruzo hiyo kwa makusudi. Ongeza joto la injini linalotanua na kusinyaza metali kila siku, na laka itabanduka tu. Sipendi laka kwenye injini, na sidhani kama nitabadilika.

Ipo njia ya umeme: kava hutumbukizwa ndani ya asidi na mkondo ukapitishwa, ule utando wa oksaidi ukakuzwa kutoka nanomita chache hadi maikromita 5 au hata 25. Waingereza waliianza mwaka 1923 kuzilinda ndege zinazotua majini. Ni kinga ya kweli, maana imeota kutokana na metali yenyewe. Ila hupunguza mng'ao, na alumini ya kumimina, ambayo huwekewa silikoni ili itiririke vizuri kwenye kalibu, hutoka kwenye asidi hiyo ikiwa ya kijivu. Inafaa kwa vipande vilivyochongwa kutoka kwenye alumini ya bamba. Kava la Jaguar usilipeleke huko.

Inabaki nta, na hapa ndipo ninapomvulia kofia mlinzi hodari, kwa sababu nta inamdai aijue injini yote kwa joto lake. Nta ya kanauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Maji ya injini yenye afya huzunguka kwenye joto la kiasi hicho hicho. Maana yake nta juu ya kava la kamshafti hulainika kila safari na kupotea mapema, wakati kwenye kasha la chujio la hewa itakaa miezi. Kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, karibu na kabureta, petroli inayogeuka mvuke hupoza metali, kwa hiyo nta ingedumu. Lakini tone la petroli likivuja huiyeyusha. Basi fundi huziba mvujo kwanza, ndipo akapaka nta. Breki oili ikidondoka hufutwa papo hapo, haisubiri jioni. Kwa vipande visivyopata moto kuna nta laini iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho, nayo ni nzuri mno. Kwa makava ya juu, wengi siku hizi hutumia vimiminika vya silika vinavyostahimili joto zaidi. Sina ugomvi navyo, mradi uso uwe umetakata kabisa kabla ya kupakwa, na mwenye gari ajue kwamba vikichakaa huondolewa kwa kusugua tena.

Kazi hii ikipewa haki yake huonekana Nairobi. Tangu 1970, klabu ya wenye Alfa Romeo nchini Kenya imekuwa ikiandaa Concours d'Elegance, shindano la magari na pikipiki zilizotunzwa, ambalo hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong. Inapendeza kwamba waliolianzisha ni watu wa Alfa Romeo, maana injini ya kamshafti mbili iliyotoka na Giulietta mwaka 1954, ya sentimita za ujazo 1290, ilikuwa na bloku na silinda hedi za alumini. Majaji hapo hawaridhiki na rangi ya nje. Boneti hufunguliwa na macho hushuka hadi kwenye viungo. Gari lililofika hapo limepita kwenye vumbi letu, na vumbi hilo ni msasa. Ukilifuta kavu umechora mikwaruzo kwa mkono wako mwenyewe. Mlinzi hulipuliza kwanza kwa hewa, akalimwagia maji, ndipo kitambaa laini kikaguse metali.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Jaguar waliacha kung'arisha makava yale tuliyoanza nayo. E-type za toleo la pili zikaja na makava yenye mbavu na rangi nyeusi. Injini iliendelea kutengenezwa hadi 1992. Yaliyong'arishwa hayaongezeki tena, yanapungua tu.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari la namna hii, ukilipeleka kuoshwa, simama hapo hapo. Muulize kijana anayeosha ni sabuni gani iliyomo kwenye ndoo yake, na kama ni ya kostiki, mkatalie kwa upole lakini mkatalie. Mwambie asielekeze maji ya presha juu ya injini, na asubiri kwanza ipoe.